Jino Linauma Wakati wa Baridi: Soma Dalili Kabla ya Kumeza Kidonge

Kila mwaka Juni ikiingia, benchi lililo nje ya chumba chetu cha meno hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Watu wamejifunika mashuka mpaka masikioni, kofia za sufu kichwani, kiganja shavuni. Ukimuuliza yeyote yameanzaje, jibu ni lile lile: "Dokta, ni baridi. Baridi imenipiga jino."

Mimi ni tabibu wa meno. Nilianzia kazi Iringa, sasa niko Mbeya, na kote huko baridi ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Siwalaumu. Asubuhi ya Julai pale Uyole, ukivuta hewa kwa mdomo unaisikia hadi kwenye mizizi ya meno. Lakini baridi haitoboi jino. Inakuonyesha tundu lililokuwa likichimbwa tangu masika, au fizi iliyoshuka bila wewe kujua. Mwenye jino zima atatetemeka kama wengine, ila jino lake litanyamaza.

Kabla hujameza chochote, jiulize mambo matatu. Linauma wakati gani: ukinywa cha baridi, cha moto, ukila kitamu, ukitafuna, au linaanza lenyewe umekaa tu? Likianza, linachukua muda gani kutulia? Na je, unaweza kuweka kidole ukasema ni hili hapa, au ni upande mzima? Sijauliza linauma kiasi gani, na nimefanya makusudi. Ukali ni shahidi wa uongo. Jino lenye tatizo dogo linaweza kukurusha kitandani, na lililooza mpaka mfupani likakaa kimya miezi sita.

Majibu ya maswali hayo yanaeleweka ukijua jino limejengwaje. Pasua parachichi: ganda, nyama, kokwa. Jino nalo lina tabaka tatu, ila mpangilio umegeuzwa, kigumu kiko nje na laini kiko katikati. Gamba jeupe la nje ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa, na halina mshipa wa fahamu. Ukilikwangua husikii kitu. Chini yake kuna tabaka la manjano lenye vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea ndani. Ndani kabisa kuna kiini: damu, mishipa ya fahamu, uhai wa jino. Maumivu mengi ya jino ni habari ya umbali uliobaki kati ya uharibifu na kiini.

"Linashtuka kwa maji ya baridi, halafu linaacha"

Umesukutua na maji ya bomba ya saa kumi na mbili asubuhi, jino likakuchoma kama sindano, ukahesabu moja, mbili, tatu, likatulia. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote. Kiini bado kizima.

Rudi kwenye swali la kidole. Ikiwa ni meno mengi na maumivu yako karibu na fizi, simama mbele ya kioo. Huenda fizi zimeshuka, na shingo ya jino, ile sehemu ya manjano isiyo na gamba, imebaki wazi. Ninaiona sana kwa watu wasafi: wale wanaosugua kwa nguvu zote na mswaki mgumu, kulia kushoto kama wanaondoa masizi kwenye sufuria, wengine kwa mkaa au majivu. Chukua mswaki laini, sugua kwa kuzungusha polepole, na tafuta dawa ya meno iliyoandikwa kuwa ni ya meno yanayoshtuka. Ipe wiki 2 hadi 4, usiisuse siku ya tatu. Tena si dhambi kupasha maji ya kupigia mswaki. Najua watu wa Makete na Njombe wanaoruka mswaki msimu mzima kwa sababu maji hayashikiki.

Ndimu na embe bichi nazo hutia meno ganzi, na hilo hupita lenyewe. Usipige mswaki papo hapo baada ya kula vitu vikali hivyo, maana gamba limelainika. Sukutua na maji, subiri kama nusu saa. (Kuna mama aliyeniambia meno yake yanatia ganzi, nikamjibu tutampiga sindano ya ganzi. Alinitazama kwa muda mrefu. "Ganzi juu ya ganzi, dokta?")

Ikiwa ni jino moja, na linashtuka pia kwa soda, asali au pipi, hapo kuna tundu. Bakteria wa kwenye utando wa meno wanakula sukari uliyokula wewe, wanatoa asidi, asidi inayeyusha gamba. Hakuna mdudu mwenye kichwa na mkia. Nasema hivyo kwa sababu bado kuna wanaofukiza kinywa kwa moshi wa mbegu za ndulele kisha wakaonyeshwa "wadudu" walioanguka kwenye beseni. Tundu la namna hii linazibwa kwa kukaa kitini mara moja, mara nyingi chini ya saa nzima, na jino linaendelea na maisha yake. Hapa ndipo ninapotaka uje, na hapa ndipo watu hawaji, kwa sababu linaacha lenyewe.

"Chai ya moto siwezi, na usiku silali"

Mwaka mmoja aliingia dereva wa lori za Tunduma na chupa ya maji baridi mkononi. Kila baada ya dakika moja alikunywa funda, akaliweka shavuni, akafumba macho, akameza. Nilipomwomba aiweke chini chupa nimpime, hakudumu dakika mbili. Machozi yalimtoka mtu mzima yule. Alikuwa ameendesha kutoka Makambako hivyo hivyo, mkono mmoja usukani, mwingine chupa.

Ukiona maji ya baridi sasa yanatuliza na cha moto ndicho kinachowasha moto, kiini kimefika pabaya. Dalili nyingine za ukoo huo: jino linaanza kuuma bila kuguswa, linapwita sawa na mapigo ya moyo, maumivu yanakaa nusu dakika, dakika kumi, saa nzima baada ya ulichokunywa kuondoka, na yanapanda hadi sikioni au kipajini mpaka huwezi kusema ni jino la juu au la chini. Kiini kimevimba, nacho kimefungiwa kwenye chumba chenye kuta za mawe. Kidole kikivimba kinatanuka. Kiini hakina pa kwenda. Ukilala, damu inaongezeka kichwani na shinikizo linapanda, ndiyo maana usiku ni mbaya zaidi. Ongeza mto wa pili.

Kwa jino la aina hii njia ni mbili. Kusafisha kiini kilichoharibika na kuziba mizizi, jino likabaki, au kuling'oa. Ya kwanza ina gharama zaidi, huhitaji picha ya eksirei na pengine kurudi zaidi ya mara moja, na si kila kituo kinaifanya, hivyo huenda ukaelekezwa hospitali ya mkoa au ya rufaa. Ya pili inaisha siku hiyo, lakini pengo la gego lina gharama zake: jirani zake huanza kuegemea, la juu hushuka, kutafuna huhamia upande mmoja. Watu wengi huchagua kung'oa kwa sababu ya nauli, na ninawaelewa. Ninachokataa ni kuambiwa ning'oe gego la kijana wa miaka 20 ambalo lingezibwa tu, eti kwa kuwa "ukiziba litasumbua tena".

Sasa dawa. Panadol 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6 kwa mtu mzima, zisizidi 8 kwa siku nzima. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, hufanya kazi nzuri zaidi kwa jino, na mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia zote mbili kwa siku chache. Ibuprofeni na diklofenaki si za mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mjamzito. Mtoto apimiwe kwa uzito wake.

Antibiotiki? Nitasema bila kuzunguka: kwa maumivu ya kiini hazifanyi kitu. Amoksilini haiwezi kuziba tundu, na damu inayopaswa kuipeleka ndani ya kiini kinachokufa haifiki vizuri. Hata hivyo nusu ya wanaofika kwangu wameshanunua dozi nusu dukani, Flagyl (metronidazo) pembeni, na jino bado linapwita. Waliopewa metronidazo kwa sababu halali nao wajue kwamba haipatani na pombe. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, huko Iringa na Mufindi nimeshawaona waliotapika usiku kucha, wakailaumu dawa, kumbe ni mkangafu, ule ulanzi mkali, uliofuatia.

Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi kweli. Iponde kidogo, iweke juu ya tundu kwa kipande cha pamba, itakushikilia saa kadhaa. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, husafisha na kutuliza fizi. Vingine vyote ninavyovikuta kwenye matundu, maji ya betri, petroli, ugoro, aspirini iliyosagwa, haviui maumivu bila kuua na nyama. Nimeona shavu lililoungua ndani mpaka likawa jeupe kama limemwagiwa maji ya moto, na jino lililosababisha yote hayo lilikuwa pale pale, linauma.

"Liliuma sana wiki mbili, likapona lenyewe"

Sentensi hii ndiyo inayonitia hofu kuliko ukelele wowote. Jino lenye tundu halijiponyi. Lililouma hivyo kisha likanyamaza ghafla limekufa, na kiini kilichooza sasa kinashuka kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa.

Baada ya wiki au miezi utaanza kuhisi jino kama limerefuka. Ukifunga mdomo linatangulia kugusa. Ukiligonga kwa kucha linauma kwa ndani, tofauti na zamani, na safari hii unaweza kulionyesha bila kusita. Pengine kijipu kidogo kinatokea kwenye fizi, kinapasuka, ladha ya chumvi chumvi na harufu mbaya, kisha nafuu. Kijipu hicho ni bomba la kutolea usaha. Kikiziba, uvimbe unahamia shavuni.

Kitambaa cha moto juu ya shavu lililovimba acha kabisa. Tumia cha baridi. Usitoboe kwa pini, wala usichokonoe kwa njiti ya kiberiti. Hapa ndipo antibiotiki huwa na nafasi yake, hasa uvimbe ukisambaa au kukiwa na homa, lakini zinafuatana na kutoa usaha na kutibu au kung'oa jino lenyewe. Dawa bila hilo inanunua wiki mbili tu.

Sasa yasome haya polepole. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, sakafu ya ulimi ikiinuka, mate yakawa hayamezeki, sauti ikabadilika kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, mdomo ukakataa kufunguka, jicho likafungwa na uvimbe, au ukapata homa na pumzi nzito, usisubiri asubuhi wala siku ya kliniki. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, usiku huo huo, kwa gari lolote. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa. Mwenye kisukari ndiye asiyestahili kusubiri hata kidogo.

"Halina tundu, ila nikitafuna linakata kama wembe"

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alizunguka na lalamiko hili karibu mwaka mzima. Kioo hakionyeshi kitu, baridi haimsumbui sana, ila akiuma kande upande wa kulia, wembe. Nilimpa kipande cha mbao chenye pamba akiume kwa jino moja moja. Akiuma, sawa. Akiachia, akaruka kwenye kiti. Maumivu ya kuachia ni tabia ya jino lenye ufa: vipande viwili vinaachana kidogo, vikirudiana vinavuta majimaji ndani ya vile vijitundu. Akakumbuka mwenyewe: changarawe kwenye maharage, sauti ya "ka!", kisha siku mbili za maumivu zikapita.

Huku kwetu sababu zipo nyingi. Mahindi ya kuchoma yaliyokomaa kupita kiasi, mifupa ya kitimoto, vizibo vya soda vinavyofunguliwa kwa gego ili kuwachekesha wenzako, mchele usiochaguliwa. Ufa mdogo unaweza kushikiliwa kwa kuzibwa au kuvikwa kofia. Ukifika kwenye mzizi, jino huondoka. Njoo mapema, na wakati unangoja tafunia upande wa pili.

Jino lililozibwa juzi na linauma ukifunga mdomo ni jambo jepesi: zibo limezidi urefu. Rudi, linapunguzwa kwa dakika tano. Usione haya.

Na ukiamka asubuhi taya limechoka na meno yote mazito, muulize mwenzako kama unasaga meno usiku.

"Magego yote ya juu yanauma, na nina mafua"

Mizizi ya magego ya juu imepakana na vyumba vya hewa vilivyo nyuma ya mashavu, pembeni ya pua. Mafua yakiviziba, meno matatu au manne ya upande mmoja huuma pamoja, na ukiinama kufunga viatu yanazidi. Kidole hakipati jino la kulaumu. Ni la kutibu mafua, si meno. Likipita siku 10, au likiambatana na homa na kamasi la kijani lenye harufu, muone daktari.

Wasafiri wa Kyela wana kisa chao. Kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, kosta linapanda kupitia Tukuyu mpaka Mbeya kwenye mita 1,700 hivi, kwa saa chache. Shinikizo la hewa linapungua njiani. Hewa iliyonaswa kwenye vyumba hivyo vilivyoziba, au chini ya zibo bovu, inatanuka na kusukuma. Marubani na wapiga mbizi wanalifahamu sana jambo hili. Barabarani ni nadra, lakini abiria akiniambia jino lake huanza kuuma kosta likishapita Tukuyu, simcheki. Nalikagua zibo.

Kuna na maumivu ambayo si ya jino wala ya pua. Taya la chini, hasa kushoto, linalobana ukipanda mlima na kuachia ukipumzika, pamoja na jasho au kifua kizito, huenda ni moyo. Usije kwangu. Nenda hospitali upimwe moyo, mara moja. Na ule mshtuko kama wa umeme usoni, wa sekunde chache, unaoletwa na upepo tu au kunawa uso, ni wa mshipa wa fahamu. Kuna watu waling'olewa meno mazima matatu kabla ya hilo kugunduliwa.

Fizi, na gego la mwisho

Fizi inayotoa damu ukipiga mswaki inaugua, hata kama haiumi. Ukoga ulioganda kuwa jiwe hautoki kwa mswaki, unakwanguliwa na mtaalamu. Watu wakiona damu huacha kusugua hapo, na hapo ndipo panapohitaji. Meno yakianza kulegea kwa mtu wa miaka 40, ujue fizi zimekuwa zikilalamika muda mrefu.

Gego la mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, mara nyingi kwa taabu. Kipande cha fizi kinalifunika nusu, chakula kinaingia chini yake, panavimba, mdomo haufunguki vizuri, kumeza kunauma. Sukutua kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku, safisha hapo kwa mswaki mdogo, kisha njoo. Likirudia rudia, linang'olewa. Mdomo ukikaza, angalia tena zile dalili za hatari nilizozitaja juu.

Watoto

Mama analeta mtoto wa miaka 8, gego la chini limebaki ganda. "Si tatizo, dokta, litang'oka litoke jingine." Halitoki jingine. Mtoto akifika miaka 6 hivi, nyuma ya magego yake yote ya utoto linaota gego jipya bila jino lolote kung'oka, hivyo hakuna anayeliona. Hilo ni la kudumu, la maisha yote. Fungua mdomo wa mwanao leo, hesabu mpaka la nyuma kabisa, ulitazame lina doa la kahawia au la.

Meno ya utoto yakiuma nayo hutibiwa. Usaha wake unaweza kuharibu lile linaloandaliwa chini.

Na hili la "meno ya plastiki". Kichanga kina homa, kinaharisha, hakinyonyi. Mtu anamfungua kinywa, anaona weupe umevimba mahali chonge itakapoota, anasema hayo ndiyo yanayomuua, anachimba kwa kitu chenye ncha. Weupe ule ni jino lenyewe changa, lipo kwa kila mtoto. Homa ni ya malaria, kichomi au tumbo, na kila saa inayopotea kwa mchimbaji ni saa ambayo mtoto hajapata dawa. Kinachofuata ni damu, maambukizi, na wapo waliokufa. Waliopona ninakutana nao wakiwa na miaka 12, chonge hazipo, au zimeota zimepinda.

"Nimeng'oa Jumatatu, Alhamisi ndiyo linauma kuliko mwanzo"

Siku ya kwanza uma pamba kama nusu saa bila kuchungulia kila mara. Usisukutue, usinyonye soda kwa mrija, usivute sigara, usiteme teme mate: donge la damu ndilo kifuniko cha jeraha. Likitoka, siku ya 2 hadi ya 4 mfupa unabaki wazi, maumivu yanapanda mpaka sikioni na harufu inatoka. Wengi hudhani kipande cha jino kimeachwa ndani. Rudi ulipong'oa, panasafishwa, panawekwa dawa, na nafuu huja haraka.

Na aliyeanguka na bodaboda jino la mbele likatoka zima: lishike kwa sehemu ya juu, usiguse mzizi, usilisugue. Lisafishe kidogo kwa maziwa, lirudishe kwenye shimo lake kama unaweza, au litumbukize kwenye maziwa baridi, na uwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

Leo, wiki hii, mwezi huu

Uvimbe unaosambaa, homa, kumeza au kupumua kwa taabu, jino lililotoka kwa ajali, damu isiyokatika baada ya kung'oa: leo. Maumivu ya usiku, ya cha moto, ya kutafuna, au kijipu cha fizi: wiki hii, hata kama yametulia kwa vidonge. Mshtuko mfupi wa baridi, doa la kahawia, fizi yenye damu: mwezi huu, ukija mjini sokoni pita. Mjamzito asikae na maumivu miezi tisa akidhani haruhusiwi. Sindano ya ganzi na kuziba vinafanyika, na miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi. Ukifika, taja kisukari, presha, moyo, dawa unazotumia na mzio. Na usimeze dawa za maumivu hadi tumbo likauma ili "usije ukaonekana huna shida". Maelezo yako yananitosha.

Nilisema baridi inasingiziwa. Kuna mzee mmoja wa Makete aliyenifanya nipunguze utetezi. Bibi alikuja na matundu manne, yote ubavuni mwa magego, na kila mswaki alikuwa anapiga. Pipi hali, soda hajui. Nikamuuliza chai.

"Chai nakunywa, mwanangu, na baridi ile tutaishije?"

"Mara ngapi kwa siku, bibi?"

Akahesabu kwa vidole. Ya alfajiri, ya kwenda shamba, ya kurudi, ya mchana, ya jioni, na kikombe cha kulalia. Vijiko vitatu kila kimoja, na anakinywa polepole, kikipoa anaongeza kutoka kwenye chupa. Kila funda la sukari huwapa bakteria kazi ya nusu saa hivi. Kinywa chake hakikuwa kinapumzika kuanzia kuamka mpaka kulala, na kikombe cha mwisho kilikuwa kinalala naye juu ya meno. Wingi wa sukari si hoja kubwa kama idadi ya mara.

Nikamwambia apunguze. Akacheka mpaka pamba ikaanguka. "Chai bila sukari ni maji ya kuoshea vyombo." Tukavutana, tukakubaliana: yenye sukari mara mbili, pamoja na chakula, ikiisha imeisha, zile nyingine aweke tangawizi au mchaichai mtupu, na akishapiga mswaki wa usiku kwa dawa yenye floraidi asiguse kitu tena isipokuwa maji. Ila kile cha kulalia aligoma kabisa kukiacha. Nilimziba mawili siku ile, akarudi mwezi uliofuata kwa mengine, na chupa ya chai ilikuwa kwenye kikapu. Aliifungua aninusishe. Ilikuwa mchaichai.